Jinsi ya Kukadiria Kipenyo cha Nyota kwa Mwangaza na Rangi Yake

Rangi ya nyota hutuonyesha joto la uso wake, na joto hilo hutuonyesha kila kipande cha uso kinatoa nuru kiasi gani. Tukishajua mwangaza wote unaotufikia, kinachobaki kutafutwa ni ukubwa wa uso huo angani. Umbali hauhitajiki, kwa kuwa nyota ikiwa mbali mara mbili, mwangaza wake hubaki robo, na eneo lake angani nalo hubaki robo.

Hatua ya 1. Anza na nyota inayofanana na Jua kwa rangi. Rijili Kantori A (Alpha Centauri A, moja ya nyota mbili, A na B, zilizo karibu sana) inafaa kuliko zote, kwani joto la uso wake ni karibu Kelvini 5,800, sawa na la Jua.

Hatua ya 2. Tafuta tofauti ya magnitudo (kipimo cha mwangaza wa nyota, ambacho namba ikiwa ndogo, mwangaza ni mkubwa). Jua ni −26.74, nyota hii ni karibu 0. Magnitudo 5 ni mara 100 kwa mwangaza, yaani mara 10 kwa kipenyo; kwa hiyo gawanya 26.74 kwa 5, upate 5.35, kisha pandisha 10 kwa kipeo hicho: takriban 224,000.

Hatua ya 3. Gawanya kipenyo cha Jua, sekunde za tao 1,920 (sekunde ya tao ni 1/3,600 ya digrii), kwa namba hiyo. Jibu ni 0.0086, na vipimo vya interferomita (chombo kinachounganisha nuru ya darubini kadhaa) hutoa 0.0085!

Hatua ya 4. Rangi ikitofautiana, zidisha jibu kwa mraba wa uwiano wa joto la Jua na la nyota. Dabarani (Aldebaran), nyekundu, ina Kelvini 3,900, hivyo zidisha kwa 2.2. Nuru yake nyingi ni ya infraredi, kwa hiyo tumia magnitudo ya nuru yote, karibu −0.3 badala ya 0.86, na kwa Jua −26.83. Utapata 0.021.

Maswali

*Kwa nini mraba, ilhali nuru hufuata kipeo cha nne cha joto?*
Kipeo cha nne kinahusu eneo. Kipenyo hufuata kipeuo cha pili cha eneo.

*Nimetumia −0.27 kwa Rijili Kantori, nikapata 0.0098. Tatizo ni nini?*
Hiyo ni nuru ya A na B kwa pamoja, ambazo macho hayawezi kuzitenganisha. Tumia ya A peke yake.

*Vumbi la angani je?*
Hufifisha nyota, jambo linalopunguza kipenyo unachokadiria, na pia huifanya iwe nyekundu zaidi, jambo linalokiongeza; makosa hayo mawili hufutana kwa sehemu.