Kiraka cha Jino la Mbele: Maelekezo ya Fundi Cherehani Aliyepitia

Ukitaka kumjua fundi cherehani mkongwe, mwambie akuoneshe meno ya mbele. Langu la juu upande wa kulia lilikuwa na kijipengo kwenye ncha, chembamba, saizi ya uzi. Miaka kumi na tisa nilikata uzi kwa meno, na pini nazibana midomoni huku napima magauni ya watu hapa Chikongola, Mtwara. Mkasi uko mezani, lakini meno yako karibu zaidi. Ikaja wiki ya mwisho ya Ramadhani, makanzu na madera yamejaa mpaka kwenye benchi la wateja, nikang'ata uzi wa jinzi huku nauvuta. Ka! Kona nzima ya jino ikabaki ulimini.

Nilikitema kile kipande kwenye mabaki ya vitambaa, jioni kikafagiliwa. Hilo ndilo kosa la kwanza, nalitaja mapema lisikupate: jino la mbele likimeguka, okota kipande, kitie kwenye maziwa au maji safi, ukimbie nacho kwa daktari wa meno. Kikiwa kizima anaweza kukigandisha mahali pake, na hakuna rangi itakayolingana na jino lako kuliko jino lenyewe.

Sikuumwa hata kidogo. Ila Idd ile nilicheka nimejiziba kwa ncha ya mtandio, na iliyofuata hivyo hivyo. Siku moja mteja wangu wa siku nyingi akaniuliza, "Fundi, mbona siku hizi hucheki na sisi? Au kuna deni sijalipa?" Deni lilikuwepo kweli, lakini silo lililonifunga mdomo.

Nilichokwenda kufanyiwa madaktari wanakiita bondingi. Wanachukua resini, kitu laini kama unga wa mandazi uliokandwa, chenye rangi ya jino, wanakigandisha kwenye jino, wanakifinyanga, kisha wanakikausha kwa taa ya bluu mpaka kinakuwa kigumu. Jino halichongwi pande zote kama la kuvishwa kofia, na mara nyingi halikwanguliwi au linakwanguliwa kidogo sana. Kwa lugha ya kazi yangu, ni kiraka. Kiraka kizuri ni kile ambacho mwenye nguo mwenyewe anakitafuta asikione.

Kinafaa kwa kona iliyomeguka, jino lililo fupi kuliko mwenzake, doa lisilotoka kwa kusafishwa, na kuziba mwanya. Kuhusu mwanya nina neno langu: huku kwetu mwanya ni pambo, watu wameuimba na wameuposea. Kabla hujauziba, muulize anayekupenda. Marehemu bibi yangu mzaa mama, Mmakonde wa Newala, alikuwa na meno yaliyochongwa ncha tangu usichana wake, na alijiona mrembo mpaka anazikwa. Yeye alichongwa apunguziwe, mimi nimelipa niongezewe.

Kiraka hakifai kila mahali. Jino lililopoteza nusu yake au zaidi kwa kawaida linataka kofia. Jino lililogeuka jeusi au kijivu baada ya kugongwa huenda mshipa wake umekufa, na hapo huanzwa na mzizi, urembo unafuata. Na kama wewe ni wa kusaga meno usingizini (muulize unayelala naye, wewe hutajua), mwambie daktari mapema. Bila kinga ya plastiki ya kuvaa usiku utakimaliza kiraka kwa miezi.

Sasa maandalizi. Nguo chafu haitiwi kiraka. Kasafishwe ugaga kwanza, na kama fizi zinatoka damu ukipiga mswaki, zitibiwe zipone, maana damu na gundi havipatani. Meno yenye matundu yazibwe. Ukitaka meno yako yote yang'arishwe, fanya hivyo kabla ya kiraka, halafu subiri kama wiki mbili. Sababu ni mbili. Dawa ya kung'arisha huacha oksijeni ndani ya jino, na oksijeni hiyo huzuia resini kushika. Pili, resini yenyewe haing'ai kwa dawa ile, kwa hiyo ukigeuza mpangilio utabaki na meno meupe yenye kiraka cha njano.

Kumpata wa kukufanyia ndiko nilikoteleza. Mara ya kwanza nilikwenda kliniki moja niliyoelekezwa na jirani. Nikakalishwa, mdomo wazi, mate yananijaa, aliyekuwa akinihudumia anaongea na simu kwa bega. Dakika kumi na tano kazi imekwisha. Wiki ya tatu kiraka kikatoka nikila ugali. Ingekuwa mfupa ningejilaumu mwenyewe, lakini ugali! Daktari wa pili aliangalia akasema jino lilipata mate kabla ya gundi. Nami nikamwelewa papo hapo, kwa sababu kola yenye gamu ukiipiga pasi juu ya unyevu inabanduka mfuo wa kwanza.

Kwa hiyo uliza, hata kama unaona haya. Hapa Mtwara unaweza kuanzia idara ya meno ya Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Ligula, na ndugu zetu wa Lindi wana Sokoine. Ukienda kliniki binafsi, hakikisha ni daktari wa meno aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Wa saluni anayebandika kucha na kope, akikwambia na meno anabandika, muage vizuri uondoke. Mwombe daktari akuoneshe picha za meno ya mbele aliyoyafanya yeye mwenyewe, kabla na baada. Muulize atalizuiaje jino lisipate mate. Muulize kikitoka ndani ya miezi michache itakuwaje, nani atalipa. Bei iulize kwa jino moja, na uliza kama kusafisha na picha ya eksirei vimo ndani. Mimi nililipa mshono wa magauni matatu ya harusi, na sikuona uchungu kama nilioona kulipia kile kilichotoka na ugali. Kama una bima, uliza pia kabla ya kukaa kwenye kiti, maana jino lililovunjika na jino unalotaka kulipamba ni hesabu mbili tofauti.

Rangi ndiyo sehemu niliyoifurahia. Mimi uzi sijawahi kuulinganisha na kitambaa chini ya taa ya umeme. Natoka nao mlangoni, kwenye mwanga wa asubuhi, nauweka juu ya kitambaa, nakunja jicho. Daktari huyu wa pili alifanya vilevile! Alichukua kibao cha vipande vya rangi, kile kinachotumika sana kina vipande 16 vyenye herufi A mpaka D, akanisogeza dirishani. Kwanza aliniambia nifute rangi ya mdomo. Kisha, kwa kuwa nilivaa dera la rangi ya chungwa, akanifunika kifuani kitambaa cha kijivu ili chungwa lisimdanganye macho. Nikajisemea moyoni, huyu ni fundi.

Rangi ichaguliwe mwanzo kabisa, jino likiwa bado na unyevu wake. Jino likikaa wazi bila mate linakauka na kuwa jeupe kuliko lilivyo, na ukichagua muda huo utaondoka na kiraka cheupe kama chaki. Pia jino halina rangi moja. Karibu na fizi lina unjano, nchani linapitisha mwanga kidogo. Aliyenifanyia alitumia resini za aina mbili, ndani isiyopitisha mwanga na juu inayoupitisha, na ndiyo maana leo hata binti yangu hakumbuki ni jino lipi. Usiombe rangi ya meno ya watangazaji wa televisheni kwa jino moja. Litasimama peke yake kama kifungo kilichotoka shati jingine.

Ukishakaa kwenye kiti, mambo huenda hivi. Mara nyingi sindano ya ganzi haihitajiki, hasa kama hakuna kilichooza na mshipa wa jino haujaguswa. Sehemu iliyomeguka inakwanguliwa kidogo iwe na mteremko, ili mshono usionekane. Halafu jino linazungushiwa pamba, au linavishwa kitambaa cha mpira chenye tundu, meno yanachomoza na mdomo wote unabaki chini. Mpira unakera, mimi nilihisi nazibwa pumzi, lakini ukipewa uchaguzi uchague huo. Pumzi tu ya mdomo ina unyevu, sembuse mate. Kubalianeni ishara: mimi nilikuwa nainua mkono wa kushoto nikitaka kupumzika.

Inafuata asidi ya fosforiki, ute wa bluu unaopakwa kwa sekunde 15 hadi 30 kisha unasuuzwa. Usiogope neno asidi. Inatoboa vitundu visivyoonekana kwenye gamba la nje la jino, na gundi inaingia humo na kushika kama mizizi. Nilimuuliza daktari nani alithubutu kuanza, akaniambia ni Mmarekani, Michael Buonocore, mwaka 1955. Alikuwa ameona viwandani wanatumia asidi hiyo kwenye chuma ili rangi ishike, akaijaribu kwenye meno. Jino likikaushwa baada ya hapo linakuwa na weupe wa chaki, na hapo ndipo tone moja la mate linaharibu kila kitu. Likigusa, daktari arudie asidi. Wala usione aibu kumwambia umehisi mate.

Inapakwa gundi, inapigwa taa. Kisha resini, tabaka kwa tabaka, kila moja isizidi kama milimita 2, kwa sababu mwanga haufiki vizuri chini zaidi ya hapo. Kila tabaka linapigwa taa, langu lilikuwa linachukua kama sekunde 20. Usiitazame ile taa, mwenye kazi anaitazama kupitia kioo cha rangi ya chungwa. Katikati ya meno mawili anachomeka ukanda mwembamba wa plastiki ili yasigandane. Tukiwa tabaka la pili umeme ukakatika. Nikashtuka, yeye wala: taa yake ilikuwa ya betri, ya mkononi. Feni tu ndiyo ilizima, na joto la Mtwara mnalijua.

Kufinyanga na kusugua kulichukua muda kuliko kubandika. Anatumia visahani vidogo vya msasa, kutoka wa kukwaruza mpaka wa kulainisha. Usimharakishe hapa. Pindo lisilopigwa pasi linaonekana toka ng'ambo ya barabara, na resini isiyolainishwa inanasa chai na uchafu.

Kabla hujanyanyuka, jikague. Ng'ata karatasi ya rangi watakayokupa, kulia, kushoto, mbele. Ukihisi jino hilo linawahi kugusa kabla ya mengine, sema, hata mara tatu. Lile linalowahi ndilo litakalovunjika. Ulimi upitishe nyuma, usikute ukingo. Uzi wa kusafishia meno upite bila kunasa wala kuchanika. Halafu sema maneno yenye f, v na s. Mimi nilisema "fundi Fatuma afua vitambaa vya sufu" mpaka muuguzi akacheka. Jino likirefushwa kupita kiasi, f na v zinagonga mdomo wa chini na s inapiga mluzi. Mwisho chukua kioo uende mlangoni.

Siku hiyo kiraka kinaweza kuonekana cheusi kidogo kuliko jino. Usipaniki wala usirudi kugomba. Jino limekauka, likinywa mate yake, kesho yake au keshokutwa rangi zinakutana.

Siku mbili za mwanzo nilikaa mbali na chai ya rangi, kahawa, mchuzi wa manjano na ukwaju. Baada ya hapo nakunywa chai yangu, nasukutua kwa maji. Resini inashika rangi taratibu kuliko kitambaa cheupe lakini inashika, na sigara na tumbaku vinaitia rangi haraka zaidi. Mswaki uwe laini, dawa ya meno isiwe ya kukwaruza, na mkaa, ndimu na magadi uviache jikoni.

Kilichobaki ni ukaidi wetu. Kizibo cha soda, mfupa, barafu, muwa wa kumenya kwa meno ya mbele, ganda la korosho (hilo hata bila kiraka ni wazimu, utomvu wake unaunguza midomo). Na uzi. Daktari aliniambia viraka hivi hudumu kati ya miaka mitatu na kumi, na kwamba tofauti kubwa ni mwenye jino. Kikimeguka pembeni huongezewa juu ya kile kile, si lazima kianze upya. Usijaribu kukirudishia kwa gundi ya kucha wala ya viatu, itaunguza fizi na daktari atapata kazi ya kuikwangua kwanza.

Langu lina mwaka wa tatu. Mwaka jana ukingo ulikuwa umeshika rangi ya chai, likasuguliwa kidogo likarudi. Shingoni siku hizi naning'iniza futi na mkasi mdogo wa kukatia uzi. Yule mteja wangu alikuja juzi kupima gauni la harusi ya mwanawe, nikacheka naye mpaka akasahau kunipa kianzio.