Siku mbili za mwisho na gari ya kukodi Ugiriki

Jamani kama mnazunguka Peloponnese, ile rasi kubwa ya kusini mwa Ugiriki, na gari ya kukodi, usiku wa mwisho msilale kule chini Mani, najua Areopoli pazuri na ule mji wa mawe unakushika roho, lakini barabara za milimani ni kona tupu, ramani inakwambia saa 1 kumbe kuna mbuzi wamekaa katikati ya lami wala hawana haraka na nyie. Sogeeni mapema mkalale Nafplio, hapo mpaka eapoti ya Athens ni kama masaa 2 tu, na mkishafika Elefsina shikeni Attiki Odos, ile barabara kuu inayopita pembeni ya Athens, mnaukwepa mji wote, ila muwe na chenji ya euro maana njiani kuna vituo vya kulipia barabara kadhaa.

Mafuta sasa, hapa ndo watu huumbuka: sheli nyingi za vijijini Jumapili zinafungwa, kwa hiyo jazeni Jumamosi. Mi nilijifanya mjanja sikujaza, nikaendesha AC imezimwa ili mafuta yafike, madirisha wazi, mke kanuna mpaka Korintho 😅 Hata ule mfereji wa meli wa hapo Korintho, uliofunguliwa 1893, hakutaka kushuka kuuona.