Pedali ya Breki Inapolegea katika Lori la M35A2

Kabla ya kushika spana, mwenye lori la M35A2 anapaswa kuelewa jinsi breki za lori hili la zamani la Jeshi la Marekani zinavyofanya kazi. Pedali husukuma masta silinda (pampu kuu ya breki) moja tu iliyo chini ya sakafu ya dereva. Oili ya breki hutoka hapo ikapita kwenye busta, kifaa cha kuongeza nguvu kinachosaidiwa na upepo wa kompresa, kisha ikagawanywa kwa dramu sita za ekseli tatu. Njia ya pili ya oili hakuna, kwa hiyo mpira mmoja wa kupitishia oili ukipasuka kwenye ekseli ya nyuma, breki zote za mguu hupotea papo hapo, na dereva hubaki na breki ya mkono peke yake. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba pedali laini inaweza kuvumiliwa mpaka mwisho wa wiki.

Egesha lori mahali pa tambarare, weka kabari kwenye magurudumu, jaza upepo kwenye matangi, kisha kanyaga pedali polepole na usikilize mguu wako. Pedali inayobonyea kama sponji ina upepo ndani ya oili. Inayoshuka mbali lakini ikawa ngumu baada ya kupigwa mara mbili tatu, mara nyingi inasema kwamba viatu vya breki, yaani vipande vinavyobana dramu kwa ndani, vimekaa mbali nayo. Ile inayozama taratibu huku umeikanyaga kwa nguvu ile ile ina mahali inapovuja, nje au ndani. Mafundi wengi huanza kutoa upepo bila kutofautisha dalili hizi, na hupoteza oili na siku nzima.

Kama inazama, tazama kwanza mabomba, mipira ya oili, na upande wa ndani wa kila gurudumu, kwa maana silinda ya gurudumu inayovuja huacha unyevu chini ya dramu. Oili ikipungua na pasipo tone lolote nje, ishuku busta: sili yake ikichakaa, oili huingia upande wa upepo, na utaikuta kwenye tundu la kutolea upepo. Kama hakuna dalili huko, fungua bomba linalotoka masta silinda, uzibe tundu lake kwa plagi inayofaa, kisha ukanyage. Pedali ikisimama juu na kuwa ngumu, masta silinda ni nzima. Ikiendelea kuzama, sili zake za ndani zimekwisha.

Marekebisho ya viatu hufanywa gurudumu likiwa limeinuliwa juu ya stendi imara, wala si juu ya jeki peke yake. Kaza boliti ya kurekebisha huku ukizungusha gurudumu mpaka kiatu kiguse dramu, kisha ulegeze kidogo hadi gurudumu lizunguke huru. Ukifungua dramu, usipulize vumbi kwa upepo wa kompresa, kwa sababu bitana za zamani za viatu vya breki huweza kuwa na asbestosi. Zilowanishe na uzifute kwa kitambaa.

Kuhusu oili, tangu miaka ya 1980 jeshi hilo lilitumia ya silikoni, yaani DOT 5, ambayo mara nyingi ina rangi ya zambarau. Haichanganywi na DOT 3 wala DOT 4, ambazo ni aina nyingine za oili ya breki. Ikiwa hujui kilichomo, futa mfumo wote na uanze upya na aina moja. Silikoni hushika mapovu kwa urahisi, kwa hiyo imimine polepole, usiitikise chupa, na usipige pedali haraka haraka wakati wa kutoa upepo.

Kutoa upepo, anza na nipeli (skrubu ya kutolea upepo) ya busta, kisha gurudumu lililo mbali zaidi, ukirudi kuelekea la karibu. Msaidizi akanyage na kushikilia. Wewe fungua nipeli, mpira mwembamba ukiwa umezamishwa kwenye chupa yenye oili, uifunge kabla hajaachia. Chungulia hifadhi ya masta silinda mara kwa mara, kwani ikikauka, upepo huingia na kazi yote hurudi mwanzo.

Baada ya hapo, kanyaga kwa nguvu kwa dakika nzima injini ikiwaka. Pedali isiposhuka, endesha polepole kwenye uwanja mtupu, na asubuhi inayofuata chungulia tena chini ya lori kutafuta unyevu mpya.