SOMO: Mikono inawasha kila ukitoka saluni? Tumtafute mchawi

Naosha na kusuka nywele, mwaka wa sita sasa. Mwaka wa nne katikati ya vidole kulianza kuwasha, kisha kuchanika, hadi nikikamua ndimu machozi yananitoka. Nikasingizia pete, nikasingizia maji ya kisima. Kumbe ni manukato ya shampuu.

Hatua ya 1: Andika. Mzio wa kugusa hauji papo hapo. Mara nyingi upele hutoka siku 1 hadi 3 baadaye. Umeanza kujikuna Alhamisi, mwenye kosa alipita Jumanne! Andika ulichoshika kila siku, na mikono ilikuwaje siku za mapumziko.

Hatua ya 2: Geuza chupa. Ukiona parfum au fragrance (yaani manukato), hilo ni gunia, ndani yake mna vitu vingi. Mengine hutajwa kwa jina: linalool, limonene, geraniol. Linalool na limonene zikipigwa na hewa ndipo huzidi kuleta mzio, kwa hiyo lile dumu linaloshinda wazi kwenye sinki lifunikeni. Neno unscented (isiyonukia) lisikudanganye, nyingine huwekewa manukato ya kufunika harufu. Tafuta fragrance-free (isiyotiwa manukato), na bado usome orodha.

Hatua ya 3: Vua pete, vaa glovu za nitrile (mpira usio wa asili) zilizo kavu, ukimaliza paka mafuta ya mgando yasiyonukia.

Hatua ya 4: Daktari wa ngozi. Hubandika mgongoni vibandiko vyenye vitu vinavyoshukiwa, vinakaa siku 2, vikitolewa anasoma ngozi ilivyojibu, halafu anasoma tena siku ya 3 au ya 4. Zile krimu za duka la dawa zenye steroidi hutuliza tu, na ukizizoea ngozi inakuwa nyembamba.

MASWALI

— Dada, shampuu hiyo nimeitumia miaka mitano, iweje leo?
Ndivyo mzio ulivyo, mpenzi. Mwili unaweza kuvumilia miaka, siku ukikataa umekataa, na kwa kawaida haurudi nyuma.

— Nipake mafuta ya karafuu? Ni ya asili.
Usithubutu. Karafuu ina eugenol, nayo imo kwenye orodha ya manukato yanayoleta mzio.

— Mimi kope ndizo zinavimba, na sioshi nywele za mtu, nakaa kaunta.
Nani anapuliza pafyumu karibu yako? Kope ni laini, hata mvuke unatosha. Angalia na kucha zako, mkono unaoshika chupa ndio unaofikicha jicho.

— Nipo Arusha, niende wapi?
Moshi, hospitali ya KCMC, wana kituo cha magonjwa ya ngozi. Uliza kwanza kama vibandiko vipo, na beba chupa zako zote.