Somo: Namna ya kujibu dai la ubovu wa nyumba ya kaunsili England, hatua kwa hatua

Somo hili ni la wenzetu walioajiriwa na kaunsili na vyama vya nyumba huku England: maofisa nyumba, wasimamizi wa matengenezo, wanasheria wanaoanza kazi, na wajumbe wa bodi ambao barua ya wakili wa mpangaji ikitua mezani hawajui waanzie wapi. Nazungumzia England peke yake. Wales na Scotland zina sheria zao.

Kwanza niseme msimamo wangu, maana hatua zote zinatoka hapo. Kumtetea mwenye nyumba si kumkomoa mpangaji. Ni kutenganisha kile shirika linachodaiwa kweli na kile lisichodaiwa, kisha kukitimiza cha kwanza mapema na kukikataa cha pili kwa ushahidi. Anayekana kila kitu hakimu huacha kumwamini, na hapo hupoteza hata pale alipokuwa na haki. Tena wengi wetu tunalea watoto katika nyumba hizihizi. Tunajua chumba chenye kuvu kinavyonuka asubuhi ya Januari.

Hatua ya 1: Siku barua inapofika

Igonge muhuri wa tarehe. Madai haya yana utaratibu wake wa kabla ya kesi, na unampa mwenye nyumba siku 20 za kazi tangu apokee barua ya madai: ajibu, atoe nyaraka za upangaji na kumbukumbu za matengenezo, na aseme kama anamkubali mtaalamu wa kukagua nyumba aliyependekezwa na mpangaji. Mara nyingi barua hulala kwenye sanduku la barua pepe la idara ya mafundi, mtu akiidhani ni ombi la kawaida la bomba. Siku 20 zikipita kimya, mpangaji ana njia nyeupe ya kufungua kesi, na jaji atakuuliza habari ya kimya hicho atakapogawa gharama. Katika kesi hizi gharama za mawakili huweza kuipita fidia yenyewe kwa mbali.

Usimsubiri mtaalamu ndipo uanze kutengeneza. Mpeleke mkaguzi wako ndani ya wiki hiyohiyo, na kilicho wazi kitengenezwe. Kuna faida ya kisheria pia: mpangaji anayeomba amri ya matengenezo hutoka kwenye ngazi ya madai madogo ikiwa gharama ya kazi au fidia inazidi pauni 1,000, na huko juu anayeshindwa hulipa mawakili wa mwenzake. Kazi ikiisha kabla ya kesi, likabaki dai la fedha tu, kesi huweza kubaki chini. Ila msijidanganye kwamba kutengeneza haraka baada ya barua kunafuta gharama zote. Mahakama ya Rufani ilishasema katika Birmingham City Council dhidi ya Lee, mwaka 2008, kwamba barua ikiwa ndiyo iliyokusukuma kufanya kazi, mpangaji anaweza kupata gharama zake za kipindi hicho.

Hatua ya 2: Faili

Hapa ndipo kesi nyingi huamuliwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwa kasoro za ndani ya nyumba, wajibu wa kutengeneza chini ya kifungu cha 11 cha Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya 1985 hauanzi mpaka mwenye nyumba apate taarifa, na akishaipata hupewa muda wa kadiri. Kanuni hiyo ilithibitishwa katika O'Brien dhidi ya Robinson mwaka 1973, na Mahakama ya Juu ikairudia mwaka 2016 katika Edwards dhidi ya Kumarasamy. Ni ngao ya haki kabisa. Lakini haifuniki paa la jengo la ghorofa, ngazi za pamoja, wala sehemu nyingine iliyobaki mikononi mwa shirika lenyewe. Huko unatarajiwa ujue bila kuambiwa.

Kwa hiyo swali la kwanza la wakili mzuri ni hili: tulijua lini, na kupitia kwa nani? Tafuta kumbukumbu za simu, oda za kazi, barua pepe, hata ujumbe wa WhatsApp kwa ofisa nyumba. Tafuta ripoti ya fundi wa gesi anayekuja kila mwaka. Akiandika "kuna unyevu nyuma ya boila", hiyo ni taarifa hata kama mpangaji hakupiga simu hata siku moja. Nimeona utetezi mzuri wa "hatukuambiwa" ukivunjwa na sentensi moja ya aina hiyo, iliyotoka kwenye faili la mwenye nyumba mwenyewe.

Halafu kuna kadi za "mpangaji hakuwepo". Kadi isiyo na saa, isiyo na picha ya mlango, na isiyofuatiwa na barua ya kupanga siku nyingine haina uzito. Mfundishe mkandarasi kabla ya kesi.

Hatua ya 3: Kipi ni chetu, kipi si chetu

Chora jedwali, kila kasoro na mstari wake. Kifungu cha 11 kinahusu muundo na sehemu za nje za nyumba, pamoja na mifereji ya maji ya mvua. Tena mitambo ya maji, gesi, umeme, vyoo, kupasha nyumba joto na kuchemsha maji. Plasta ya ukutani imo, tangu Grand dhidi ya Gill ya mwaka 2011. Zulia la mpangaji halimo. Wala sinki lililozibwa na mafuta ya kupikia: jaji Denning alieleza mwaka 1953, katika Warren dhidi ya Keen, kwamba mpangaji ana kazi zake ndogondogo za mtu muungwana, kama kuzibua sinki na kurekebisha taa fyuzi ikikatika.

Unyevu wa mvuke ndio wenye ugomvi. Kwa miaka mingi mawakili wa wenye nyumba waliishi na kesi ya Quick dhidi ya Taff Ely ya miaka ya 1980: jengo likitoa mvuke kwa sababu limesanifiwa vibaya, na hakuna kitu kilichoharibika, hakuna cha kutengeneza chini ya kifungu cha 11. Kanuni hiyo bado ipo. Lakini sheria ya 2018 ya nyumba kufaa kuishi binadamu iliingiza kifungu cha 9A kwenye ile Sheria ya 1985, kilichoanza Machi 20, 2019 na kuwafikia wapangaji wa zamani wa wiki kwa wiki au mwezi kwa mwezi Machi 20, 2020. Sasa swali si tu kama kuna kilichovunjika, bali kama nyumba inafaa kuishi. Ukiona barua ya utetezi inayotaja Quick na kunyamazia 9A, irudishe kwa aliyeiandika.

Na lile jibu la "fungueni madirisha, acheni kuanika nguo ndani" mliweke mbali. Ombudsman wa Nyumba, anayeamua malalamiko ya wapangaji dhidi ya mashirika haya, alilikemea katika ripoti yake ya Oktoba 2021. Mtoto Awaab Ishak alikuwa na miaka miwili tu alipofariki Rochdale, Desemba 2020, na mwaka 2022 uchunguzi wa kifo chake ukaeleza kuwa kuvu ya nyumba yao ndiyo chanzo. Baba yake alikuwa amelalamika. Sheria inaruhusu kusema kwamba hali imetokana hasa na mpangaji kuvunja wajibu wake, lakini ulete vipimo: joto la vyumba, unyevu wa ukuta kwa kina, feni kama zinafanya kazi, na kama familia inaweza kulipia kupasha joto nyumba ya kuta hizo.

Hatua ya 4: Saa za Sheria ya Awaab

Sheria hii imepewa jina la mtoto huyo. Tangu Oktoba 27, 2025, muda umeandikwa na umekuwa sehemu ya mkataba wa upangaji wa nyumba hizi. Hatari ya dharura: ichunguzwe na ifanywe salama ndani ya saa 24. Unyevu na kuvu vyenye hatari kubwa: uchunguzi ndani ya siku 10 za kazi, muhtasari wa maandishi kwa mpangaji ndani ya siku 3 za kazi baada ya uchunguzi kuisha, na nyumba ifanywe salama ndani ya siku 5 za kazi baada ya uchunguzi huohuo kuisha. Isipowezekana, familia itafutiwe pa kukaa kwa gharama ya shirika. Utetezi uliopo ni kuonyesha kwamba mlifanya kila juhudi ya kadiri, na juhudi huonyeshwa kwa maandishi ya siku ileile.

Hatua ya 5: Kuingia ndani

Kifungu cha 11 kinampa mwenye nyumba haki ya kuingia kukagua, kwa saa za kadiri, baada ya taarifa ya maandishi ya saa 24. Mpangaji akikataa tena na tena, omba amri ya Mahakama ya Kaunti. Katika kesi ya English Churches Housing Group dhidi ya Shine, mwaka 2004, fidia ilipunguzwa sana kwa sababu mpangaji mwenyewe alizuia kazi. Ila uliza kwanza kwa nini anakataa. Mama anayefanya zamu za usiku hospitalini hawezi kufungua mlango saa mbili asubuhi.

Hatua ya 6: Mtaalamu na fedha

Mtaalamu mmoja wa pamoja ni bora kuliko wawili wanaobishana. Fidia ya usumbufu mara nyingi hukadiriwa kama sehemu ya kodi, na ile kesi ya Shine inasema kwa kawaida isizidi kodi yenyewe. Tuseme kodi ni pauni 110 kwa wiki, usumbufu asilimia 25, wiki 80: hiyo ni pauni 2,200. Ongeza ile nyongeza ya fidia ya asilimia 10 iliyothibitishwa katika Khan dhidi ya Mehmood mwaka 2022, inakuwa 2,420. Kwa kawaida dai haliwezi kurudi nyuma zaidi ya miaka sita. Ukishapata hesabu yako, toa pendekezo rasmi la suluhu, lile lenye siku 21 za kukubaliwa, mapema. Akilikataa kisha asipate zaidi mahakamani, uzito wa gharama unaweza kumrudia.

Maswali ya wanachama

*Ofisa nyumba, Birmingham: Mwalimu, mpangaji wetu ana deni la kodi la miezi mingi. Tunaweza kukataa kutengeneza mpaka alipe?*

Hapana, kaka. Deni halifuti wajibu wa kutengeneza. Linaloweza kufanyika ni kudai kodi ndani ya kesi hiyohiyo, fidia yake ikatwe kwenye deni. Lakini naye anaweza kutumia fidia kama kinga mkimshtaki kwa kodi, kwa hiyo kagua nyumba kabla ya kufungua kesi ya deni.

*Mwanachama, Manchester: Watu hupita mlango kwa mlango wakiandikisha wapangaji. Mzee mmoja wa Kikongo aliniambia hakujua kuna kesi kwa jina lake. Nifanyeje?*

Usimhoji kuhusu kesi, maana ana wakili kwenye karatasi. Andika alichokuambia kwa hiari yake, mpe mwanasheria wako, naye amwombe wakili wa upande wa pili athibitishe kwa maandishi kuwa ana idhini ya mteja na kwamba mkataba alielezwa kwa lugha anayoielewa. Ikiwa mambo hayaeleweki, kuna mamlaka inayosimamia mawakili. Mpango wa fundi uendelee kama kawaida. Na kama dari la mzee linavuja, linavuja, hata aliyemwandikisha awe nani.

*Dada, Leicester: Shikamoo mwalimu. Mimi si mfanyakazi, ni mpangaji tu. Niende kwa Ombudsman au kwa wakili?*

Marahaba mwanangu, karibu. Toa taarifa kwa maandishi leo, na picha zenye tarehe. Kisha peleka lalamiko rasmi kwa mwenye nyumba wako. Usiporidhika na jibu la mwisho, Ombudsman ni bure na anaweza kuamuru matengenezo na malipo. Lakini kesi ikishafunguliwa mahakamani, kwa kawaida hatashughulikia jambo hilohilo, kwa hiyo chagua mpangilio wako vizuri. Kama kuna hatari kubwa kwa afya, uliza pia kuhusu msaada wa kisheria wa serikali. Kwa wakili wa "bila ushindi hakuna malipo", soma mkataba wote kabla ya kutia saini, hasa sehemu inayosema nani analipa ukijitoa.

*Mwanasheria anayeanza, London: Shirika limekubali baadhi ya kasoro na kukataa nyingine. Hati ya utetezi niiandikeje?*

Fuata jedwali lako, kasoro moja moja. Kila inayokubaliwa, andika taarifa ilipokelewa lini, kazi ilifanyika lini, na kama ilichelewa useme ilichelewa. Kila inayokataliwa, andika sababu moja halisi: hakukuwa na taarifa, si sehemu ya wajibu wetu, au tulizuiwa kuingia tarehe hizi na hizi, na ambatanisha karatasi inayoonyesha. Kabla ya kuituma, msomee msimamizi wa matengenezo, mstari kwa mstari. Yeye ndiye atakayesimama kizimbani kuielezea.