Kabla Mbwa Hajauma: Mambo ya Kuzingatia kwa Tunaoishi Kandokando ya Ziwa Victoria

Mtu akishaanza kuogopa maji kwa sababu ya kichaa cha mbwa, hakuna dawa ya kumrudisha. Ndivyo ilivyo katika hospitali ya Bugando jijini Mwanza, ya Nansio kisiwani Ukerewe, na hata katika hospitali kubwa za Ulaya: dalili zikishatokea, karibu kila mgonjwa hufa. Lakini kati ya siku ya kuumwa na siku ya dalili ya kwanza kuna nafasi. Mara nyingi ni miezi miwili au mitatu, mara chache ni wiki moja tu au zaidi ya mwaka. Muda huo wote virusi vinapanda taratibu kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni, na mwenyewe anakula, anatega nyavu, anauza samaki sokoni Kirumba kama kawaida. Kila kinachookoa maisha hufanyika ndani ya nafasi hiyo, na sehemu kubwa yake inatakiwa iwe imepangwa wakati bado hakuna aliyeumwa.

Anza na mbwa. Hadi watu 99 kati ya 100 wanaopata ugonjwa huu duniani wameambukizwa na mbwa, kwa hiyo chanjo ya mbwa humlinda binadamu kabla ya sindano yoyote ya hospitali. Mbwa huchanjwa akifikisha miezi mitatu, kisha chanjo hurudiwa kama kadi inavyoelekeza, kwa kawaida kila mwaka. Kadi itunzwe pamoja na kadi za kliniki za watoto, maana siku ikihitajika itahitajika haraka. Muulize afisa mifugo wa kata lini wachanjaji watapita. Kampeni nyingi hufanyika karibu na Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Kabla ya siku hiyo mzoeshe mbwa kamba. Mbwa wengi hukosa chanjo kwa sababu tu hakuna aliyeweza kumkamata, wala si kwa sababu mwenyewe alikataa.

Shida kubwa zaidi iko mialoni. Dagaa wakianikwa utawaona mbwa wamejilaza pembeni ya chanja, kila mtu anawarushia vichwa vya samaki, na kila mtu ukimuuliza atasema ni wa jirani. Hawa tunaowaita koko wanalishwa na watu na wanalala mlangoni kwa watu. Kambi ikae na kuamua nani atamshika yupi siku ya chanjo. Asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Kuwapiga risasi au kuwatilia sumu hakufikishi huko: wanaokufa ni pamoja na waliochanjwa, na nafasi yao huchukuliwa na watoto wa mbwa na wageni wasiochanjwa. Jirani zetu wa wilaya ya Serengeti waliona matunda ya chanjo tangu miaka ya 1990: ugonjwa ulipungua kwa mbwa, na watu waliofika hospitali wakiwa wameumwa na mbwa wa kushukiwa wakapungua pia.

Sabuni iwepo daima, hata kwenye boti. Kipande cha kawaida cha kufulia kinatosha. Virusi hivi vimezungukwa na utando wa mafuta ambao sabuni huuharibu, ndiyo maana kidonda huoshwa kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 nzima. Dakika hizo ni nyingi mno mtoto akiwa analia, kwa hiyo tazama saa ya simu na usikisie. Maji ya bomba au ya dumu ni bora, lakini kama uliko yapo ya ziwa tu, osha kwa hayo. Kisha paka spiriti au ayodini kama ipo. Pilipili, majivu, mafuta ya taa, kaa la moto na jiwe la nyoka visiguse kidonda. Naelewa kwa nini mama anavikimbilia, maana anataka kufanya kitu mara moja. Sabuni ndiyo kitu hicho.

Baada ya kuosha ni safari, na hapa ndipo visiwa vinapopata taabu. Si kila zahanati ina chanjo ya binadamu. Kabla ya tatizo, uliza kituo chako: mnayo? Isipokuwepo mnatupeleka wapi, na gharama ni kiasi gani? Aliyeko Ukerewe au Ukara anatakiwa ajue saa za kivuko na aliyeko kambini amjue mwenye boti atakayekubali kuondoka asubuhi. Nauli ihesabiwe ya kwenda na kurudi mara kadhaa, maana dozi moja haitoshi. Ratiba huanza siku ya kwanza, inayohesabiwa kuwa sifuri, kisha siku ya 3 na ya 7, na kutegemea kama sindano inapigwa kwenye ngozi au kwenye msuli, inaweza kuendelea hadi ya 14 na ya 28. Familia nyingi huishia njiani kwa sababu kidonda kimepona na mtoto anacheza. Mkiweza, fikieni kwa ndugu wa mjini hadi dozi za mwanzo zikamilike. Kidonda kilichotoa damu huhitaji pia sindano ya kingamwili, inayochomwa kwenye kidonda chenyewe. Iulizieni msiposikia ikitajwa. Mjamzito na anayenyonyesha nao wanachanjwa.

Chanjo hufanya kazi baada ya kuumwa kwa sababu virusi hutembea polepole. Julai 6, 1885, Joseph Meister, mtoto wa miaka tisa, alipelekwa na mama yake Paris kwa mwanasayansi Louis Pasteur akiwa na majeraha mengi ya mbwa. Alichomwa sindano 13 za chanjo ndani ya siku 11, akapona. Nasimulia kisa hiki makusudi, kwa sababu hadithi ni sehemu ya maandalizi, na hadithi tulizo nazo huku nyingi zinatudanganya.

Katika simulizi mbwa mwenye kichaa hutoka povu, macho mekundu, anakimbiza kijiji kizima. Yupo wa namna hiyo. Lakini yupo pia mbwa aliyepooza, aliyejikunja kimya chini ya kitanda, taya limelegea, na mtoto anaingiza mkono kumlisha. Huyo hayumo katika hadithi zetu, kwa hiyo hatumwogopi. Nayo habari ya mgonjwa husimuliwa kama uchawi: mvuvi aliyezaliwa ufukweni akirudisha kikombe kwa hofu, koo likikaza hata upepo ukimpuliza, watu husema jini la ziwani limempanda. Safari ya kwa mganga huanza, na kidonda cha miezi miwili nyuma hakuna anayekikumbuka. Hata hospitali inaweza kukosea. Utafiti wa Malawi ulikuta vifo vitatu kati ya 26 vilivyodhaniwa kuwa ni vya malaria ya ubongo vilitokana na kichaa cha mbwa, na huku kwetu malaria ni jirani wa kila siku. Basi mgonjwa akichanganyikiwa, mwambieni daktari kama aliwahi kuumwa na mnyama, hata zamani.

Watoto wasimuliwe upya. Asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa ni watoto chini ya miaka 15, na wengi huficha wakiogopa fimbo, hasa kama walikuwa wanamchokoza mbwa wa watu. Waambieni mapema: ukiumwa, ukikwaruzwa, au mbwa akilamba kidonda chako, sema, hutapigwa. Na ahadi hiyo itimizwe.

Wenye ng'ombe, neno moja: ng'ombe naye hupata kichaa cha mbwa. Ng'ombe anayetoa mate na kulia ovyo hudhaniwa amekwamwa na kitu kooni, na mtu anaingiza mkono mtupu. Usiingize. Mwite daktari wa mifugo, na msimchinje.

Mbwa aliyeuma naye asiuawe papo hapo kama anaweza kufungiwa kwa usalama. Aangaliwe siku 10 na afisa mifugo apewe taarifa. Mtu aanze chanjo bila kungoja. Mbwa akibaki mzima siku hizo zote, daktari anaweza kusimamisha dozi zilizobaki. Akifa, asiguswe kwa mikono mitupu wala asitupwe ziwani: kichwa chake kinahitajika maabara, na jibu lake litawahusu wote aliowauma njiani.