Paka rangi kwanza: kukokotoa saketi za mkondo mnyoofu bila kubahatisha

Mchana natengeneza umeme wa magari kule Gerezani, Dar es Salaam, jioni nafundisha tuisheni ya fizikia Temeke, kidato cha pili mpaka cha nne. Naziona kama kazi moja, maana taa, honi na stata vyote vinakula mkondo mnyoofu wa betri, ule ule unaoulizwa kwenye mtihani.

Kosa ninalokutana nalo madaftarini ni lile lile kila mwaka. Mwanafunzi amekariri V = IR, yaani volti ni mkondo mara ukinzani. Anaona 12 V, anaona 6 Ω, anagawanya, anaandika 2 A. Kugawanya amegawanya vizuri, ila zile volti 12 ni za betri, na zile omu (Ω) 6 ni za rezista, kifaa cha kukinza mkondo, iliyokaa nyuma ya nyingine. Kanuni ya Georg Ohm, aliyoichapisha mwaka 1827, inataka V, I na R za kitu kimoja. Ukichanganya vya watu wawili, jibu halimhusu yeyote.

Chora saketi hii. Betri ya 12 V yenye ukinzani wa ndani wa 1 Ω. Kutoka chanya, waya unaingia kwenye rezista ya 3 Ω. Ukitoka hapo kuna njia panda: tawi moja lina 12 Ω, jingine 6 Ω. Matawi yanakutana tena na kurudi hasi.

Hatua ya 1: Paka rangi nyaya

Anza kwenye chanya ya betri na kalamu nyekundu, fuata waya mpaka ugonge kifaa. Simama hapo. Upande wa pili wa kifaa, badili rangi. Kwenye hesabu za shule waya hauna ukinzani, kwa hiyo penye rangi moja pana volti zile zile, hata waya uzunguke ukurasa mzima.

Kwetu zinatoka rangi tatu: nyekundu toka betri hadi 3 Ω, kijani toka 3 Ω hadi juu ya yale matawi mawili, bluu toka chini yake hadi hasi. Sasa tazama: 12 Ω na 6 Ω zote zimeshika kijani huku na bluu kule. Rezista zenye rangi mbili zile zile ziko sambamba, hata kama mtunga swali kazichora moja juu na nyingine pembeni kabisa.

Na ukikuta rezista yenye rangi moja ncha zote mbili, imepigwa shoti. Mkondo wote unapita kwenye waya, kwake haupiti kitu. Ifute. Kuna kijana wangu alikaa nusu saa na swali la rezista tano. Alipopaka rangi zikabaki mbili, na swali likaisha kabla sijamaliza kufuta ubao.

Hatua ya 2: Kunja

Kukunja ni kugeuza rezista kadhaa kuwa moja yenye ukinzani ule ule. Rezista mbili sambamba: zizidishe, gawanya kwa jumla yake. 72 ÷ 18 = 4 Ω. Jibu la sambamba lazima liwe dogo kuliko rezista ndogo kuliko zote, kwa hiyo ukipata zaidi ya 6 rudi nyuma. Zikiwa tatu, fanya mbili kwanza, kisha jibu lake na ya tatu.

Zilizobaki ziko kwenye mfuatano, unajumlisha: 4 + 3 + 1 = 8 Ω. Ile 1 ya ndani ya betri ndiyo wengi huisahau. Mkondo wa betri ni 12 ÷ 8 = 1.5 A.

Hatua ya 3: Kunjua

Rudi ulikotoka, mchoro kwa mchoro. Mkondo wa 1.5 A unapita ndani ya betri yenyewe na kupoteza 1.5 × 1 = 1.5 V. Kwenye vichwa vya betri zinabaki 10.5 V. Wanafunzi huona hili ni jambo la kitabuni, lakini mimi nakutana nalo gereji. Mteja analeta betri, mita inasoma 12 V, akipiga stata gari halishtuki. Betri imechakaa, ukinzani wa ndani umepanda, na mkondo mkubwa wa stata unazimeza volti humo humo. Ndiyo maana betri napima ikiwa na mzigo.

Rezista ya 3 Ω inachukua 1.5 × 3 = 4.5 V. Kijani mpaka bluu zinabaki 6 V, na kila tawi linapata 6 V hizo hizo. Tawi la 12 Ω: 0.5 A. Tawi la 6 Ω: 1 A. Jumla 1.5 A, sawa na iliyoingia njia panda.

Hatua ya 4: Hakiki kwa wati

Betri inatoa 12 × 1.5 = 18 W. Walaji: ndani ya betri 2.25, rezista ya 3 Ω 6.75, ya 12 Ω 3, ya 6 Ω 6. Jumlisha: 18. Zisipolingana, kuna mahali umekosea, na umelijua kabla ya msahihishaji.

Hatua ya 5: Iunge mezani

Usiiunge kwa namba hizi. Rezista ndogo za robo wati ukizipa 6 W zitatoa moshi. Tumia za maelfu: 3 kΩ, 12 kΩ, na mbili za 3 kΩ kwa mfuatano ndiyo 6 kΩ yako. Betri nane za tochi kwa mfuatano zinatosha. Mita ya volti iwekwe sambamba. Ya ampea ikate njia, kamwe isiguse chanya na hasi za betri moja kwa moja. Utaona vichwa vya betri vinasoma karibu 12 V, si 10.5, kwa sababu mbele ya maelfu ile 1 Ω haionekani. Na umeme wa ukutani, 230 V, uache kabisa.

Hatua ya 6: Betri zikiwa mbili

Hapa kukunja kunagoma, unatumia kanuni za Kirchhoff za mwaka 1845: mkondo unaoingia njia panda ni sawa na unaotoka, na volti za betri kwenye kitanzi ni sawa na zinazoliwa humo. Weka betri ya 12 V na 2 Ω kwa mfuatano kushoto, ya 6 V na 2 Ω kwa mfuatano kulia, chanya zote juu, na 4 Ω katikati. Ita mikondo inayotoka kwenye betri I₁ na I₂. Katikati inapita I₁ + I₂. Zunguka kila kitanzi:

12 = 6I₁ + 4I₂
6 = 4I₁ + 6I₂

Unapata I₁ = 2.4 A na I₂ = −0.6 A. Usiifute hiyo hasi! Inakwambia mkondo unaingia betri ya pili badala ya kutoka, yaani inachajiwa, kama tunavyobusti gari lililolala.

Sasa geuza betri ya 6 V, chanya chini, urudie mwenyewe. Rezista ya katikati ikipata 0.6 A, umepata.